Mwongozo wa Mgeni Aingiaye Mtongwe

Wageni wengi wavukao Likoni kwenda Diani huipita Mtongwe bila ya kugeuza shingo, ilhali asubuhi yao yote wameimaliza wakipiga picha chini ya zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue mjini Mombasa, zilizosimamishwa miaka ya 1950 kwa taadhima ya ufalme wa Waingereza. Mimi ninayeipenda Mtongwe nasema waziwazi kwamba pembe zile hazistahili hata robo saa ya msafiri mwenye hamu ya kujua tarikhi na ada za watu wa pwani.

Taabu ya kwanza ni njia. Feri ya Likoni ni bure kwa aendaye kwa miguu, na yeyote atakaye senti zako ili akuvushe ni laghai. Walipao ni wenye vyombo vya moto. Ziepuke saa watu waendapo kazini na warudipo. Ukishuka ng'ambo, panda matatu ya Mtongwe, uulize nauli kabla ya kuketi, tena kwa sauti, abiria wenzako wasikie. Nasema hivi kwa kuwa mvua ilipoanza kunyesha nilitozwa maradufu na makanga ambaye dakika chache kabla alikuwa akiniita kwa bashasha. Wa bodaboda naye mpatane bei kabla hujapanda.

Mtongwe ilikuwa na kivuko chake. Tarehe 29 Aprili 1994 feri iliyosheheni abiria kupita kiasi ilipinduka karibu na gati, wakafa watu 272. Huduma ikasita, ikarudishwa mwaka 2017, kisha ikakatika tena. Basi usiitegemee kabla ya kuwauliza wenyeji. Habari za msiba huo usizichokonoe kwa pupa, kwani waliofiwa wangali hai: mwamkie mzee shikamoo, uketi, umwache aseme apendayo.

Wadhanio kwamba mambo ya kale ya Mombasa huanzia Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, wamekosea sana. Wataalamu wa Kijapani waliochimba Mtongwe tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 walifukua zana za mawe za watu walioishi hapa maelfu ya miaka kabla ya ukuta wowote wa chokaa. Leo jirani zako hapa ni Wadigo, mmojawapo wa makabila tisa ya Mijikenda, Waislamu kwa wingi wao, ambao zamani mali yao ilirithiwa kwa upande wa mama, mpwa akamrithi mjomba. Waulize habari za ngoma ya sengenya, nao watakueleza kwa furaha. Kamera ifiche upitapo karibu na kambi ya jeshi la wanamaji. Hapo hapana mjadala.

Alasiri tafuta viazi karai: viazi vilivyochemshwa, vikachovywa katika uji mzito wa unga na bizari, vikakaangwa hata vikawa manjano, kisha vikamiminiwa ukwaju wenye pilipili. Vile vya barazani, vinavyotolewa karaini mbele ya macho yako, havishindwi na vya hoteli yoyote ya Diani. Njoo saa nne asubuhi, uondoke kabla ya magharibi, na Diani uiweke kesho.