Juu Alikuwa Amekaa Nani?

Pita kijiwe chochote cha bodaboda alfajiri, hutakosa mmoja aliyechuchumaa kando ya tairi la nyuma, anaibonyeza cheni kwa kidole, uso umekunjamana. Cheni inalia, inapiga kava. Basi anatoa spana, anakaza mpaka cheni inanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, anafuta mikono kwenye suruali na kwenda kusaka abiria. Kelele imekwisha, roho imetulia.

Nami nilikaza hivyo kwa miaka, tena kwa kujiamini. Siku moja nilifunga seti mpya kabisa, cheni na sproketi zote mbili, nikaikaza isicheze hata sentimita moja. Nikapakia mifuko miwili ya saruji pale Mombo, nikaanza kuzipanda kona za Lushoto. Cheni haikukatika. Kilichokufa, baada ya safari chache za namna hiyo, ni beringi ya shafti ya gia inayobeba sproketi ndogo, na sili yake ikaanza kumwaga oili. Fundi aliyepasua injini aliniuliza swali moja tu: "Ulipokaza, juu alikuwa amekaa nani?"

Hakuwa ananitania. Mkono wa nyuma, ule unaoshika tairi, huchezea kwenye pini yake iliyo nyuma kidogo ya sproketi ndogo. Pikipiki ikiwa tupu, ekseli ya nyuma hukaa chini kuliko pini hiyo. Mtu akipanda, shokapu zinabonyea na ekseli inainuka. Ikifika mahali ambapo ekseli, pini na sproketi ndogo vimekaa kwenye mstari mmoja, sproketi mbili zinakuwa mbali na mwenzake kuliko wakati wowote, na cheni inadai urefu wote ilio nao. Ukishaunyang'anya urefu huo kwa spana asubuhi, mchana shimo la kwanza barabarani litaudai kwenye beringi. Kwa anayebeba mshikaki, yaani abiria wawili nyuma yake huku akiombea asikutane na trafiki, deni ni kubwa zaidi.

Nitarudi kwenye kukaza. Kwanza tuulize kama hiyo cheni inastahili kukazwa au kutupwa.

Cheni ya pikipiki haivutiki kama mpira, ingawa sote husema "imevutika". Mwaka 1880 huko Manchester, Mswisi Hans Renold alisajili cheni yenye pini inayozunguka ndani ya bushi, na rola juu ya bushi hiyo. Cheni zetu bado zimejengwa hivyo, na kifo chake kiko palepale: pini na bushi zinalana. Kila pingili ikipoteza robo ya milimita tu, cheni ya pingili 118 inarefuka karibu sentimita 3. Kwa macho huoni kitu, ila vikazio vya nyuma vimefika mwisho wa nafasi yake.

Pima. Ondoa kava, vuta cheni inyooke, weka rula katikati ya pini moja, kisha hesabu pingili 20. Kwa cheni ya 428 au 420 iliyo mpya utapata milimita 254. Ikifika 259, imemaliza kazi yake. Usiye na rula shika cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa na uivute kuelekea nyuma. Ikiinuka hata ukaona nusu ya jino chini yake, hakuna cha kubembeleza. Tazama na meno yenyewe: jino zima lina mabega mawili yanayofanana, jino lililoliwa limeinamia upande mmoja kama pezi la papa.

Hapa ndipo wengi hujipunja. Cheni imechoka, sproketi "bado bado", basi ananunua cheni peke yake. Lakini meno ya zamani yameshachongwa yafuate cheni ndefu. Cheni mpya ikiwekwa juu yake inagusa jino moja au mawili tu badala ya kugawa mzigo kwa mengi, na miezi michache mbele inafanana na ile aliyoitupa. Nunua vitatu pamoja. Ukikosa fedha, afadhali usubiri na kuendesha polepole kuliko kuchanganya kipya na kizee.

Ukifika dukani, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road jijini Nairobi, usiseme "nipe cheni ya Boxer" ukaishia hapo. Jina la pikipiki moja hubeba matoleo mengi. Soma namba iliyogongwa ubavuni mwa cheni ya zamani. Tarakimu ya kwanza inaeleza umbali wa pini hadi pini kwa sehemu ya nane ya inchi, kwa hiyo 4 ni nusu inchi, na 5 ni inchi moja ukitoa nane-tatu zake. Mbili za mwisho zinaeleza upana wa ndani, ambako rola hukaa. 428 na 420 zina urefu uleule wa pingili, ila 420 ni nyembamba, robo inchi, na haiwezi kukaa kwenye sproketi ya 428. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria hutumia 428. Herufi H mwishoni maana yake bamba za pembeni ni nene zaidi, na kwa kazi ya mizigo mimi sinunui isiyo nayo. Kwenye boksi utaona kitu kama 428H-118L: hizo 118 ni idadi ya pingili. Hesabu zako kabla ya kutoka nyumbani, na ujue kwamba idadi lazima igawanyike kwa mbili. Fundi akikuambia ataunga kwa nusu pingili ili itoshe, mshukuru, uende kwingine.

Cheni nzuri ina namba iliyogongwa wazi karibu kila pingili. Ilaze kwa ubavu, ishike ncha moja iache nyingine ining'inie hewani. Ikipinda kama mkia wa paka wakati bado iko kwenye mafuta ya kiwandani, matundu yake ni mapana tangu kuzaliwa. Sproketi ninaijaribu kwa tupa ndogo, kwa ruhusa ya mwenye duka. Tupa ikiteleza kwenye ncha ya jino kama inapita juu ya kioo, chuma kimekomazwa kwa moto. Ikiuma na kuacha unga, hicho ni chuma laini kilichopakwa rangi ya kupendeza.

Kuna kishawishi cha kubadili idadi ya meno. Tuseme una 14 mbele na 42 nyuma: injini inazungusha sproketi ndogo mara 3 ili tairi lizunguke mara moja. Ukiweka 15 mbele inakuwa mara 2.8, na pikipiki inatulia kwenye lami ndefu, tuseme Dodoma kwenda Singida, lakini mlimani itakulilia. Jino moja mbele ni karibu sawa na meno matatu nyuma, kwa hiyo anayeongeza mbele kwa sababu ni rahisi kununua ajue amefanya badiliko kubwa. Kushuka hadi 13 kunampa nguvu mpanda milima, ila sproketi ndogo inaikunja cheni kwa ukali zaidi na kuila mapema. Anayekaa milimani kama sisi, na ameona 14 haimtoshi, heri aongeze meno nyuma. Kama mshale wa spidi unaendeshwa na tairi la mbele, kama ilivyo kwenye pikipiki nyingi za bodaboda, hautadanganya baada ya mabadiliko haya.

Sasa kazi. Zima injini, toa ufunguo uweke mfukoni. Nimeona kidole kilichoingia kati ya cheni na sproketi wakati mtu "anapaka oili injini ikiwa inazunguka ili ienee vizuri". Mara moja ilitosha. Tairi la nyuma huzungushwa kwa mkono, gia ikiwa huru, na basi.

Kabla ya kuondoa cheni ya zamani, fungua kava ya sproketi ndogo na ulegeze boliti zake wakati cheni bado ipo, mwenzako akikanyaga breki ya nyuma. Ukisahau, shafti itazunguka na spana yako, na utaishia kuchomeka bisibisi mahali pasipofaa. Pikipiki nyingi za aina hii zina kisahani cha kufungia chenye boliti mbili ndogo. Safisha matope yaliyoganda humo kwa kijiti na mafuta ya taa, uone kama sili inavuja. Sproketi mpya iingie na upande uleule wa kitako uliokuwa ndani, kwa sababu ukigeuza, mstari wa cheni unahama milimita kadhaa.

Sproketi kubwa inataka utoe tairi. Ukishalitoa, tikisa ile mipira ya ndani ya habu na beringi zake. Kama zimelegea, hii ndiyo siku yake. Nati kaza kwa kuvuka, moja kisha ya mkabala wake, halafu kunja zile bati za kufuli zirudi mahali pake. Wengi huzitupa. Nati za sproketi zikilegea ukiwa kwenye mwendo, hutasikia onyo.

Cheni ifunge kwa kukalisha ncha zote mbili kwenye meno ya nyuma ya sproketi kubwa. Meno yatakushikia, mikono yako ibaki huru. Klipu ya kiungio iwe upande wa nje uionapo, na kichwa chake kilichozibwa kitangulie inakokwenda cheni. Kwa kuwa hapo nyuma cheni hupanda, kichwa kitazame juu. Ukifungia mstari wa juu, kitazame mbele. Ukiiweka kinyume, jiwe au kijiti kinachogusa mdomo ulio wazi kitaisukuma itoke.

Tairi likae sawa. Ile mistari iliyochongwa kwenye mkono wa nyuma si ya kuaminiwa kama msahafu, hasa pikipiki ikiwa imeshaanguka mara mbili tatu. Chukua uzi, pima kutoka katikati ya pini ya mkono wa nyuma hadi katikati ya ekseli, kulia na kushoto. Zikilingana, cheni itakwenda katikati ya meno. Ukiona ubavu mmoja wa jino unang'aa kuliko mwingine baada ya siku chache, rudia.

Na sasa swali la fundi wangu. Pandisha pikipiki kwenye stendi ya katikati, zungusha tairi taratibu ukitafuta mahali cheni inapokaza zaidi, maana kila cheni ina mahali hapo. Hapo, katikati ya mstari wa chini, isukume juu na chini. Kibandiko kilicho kwenye mkono wa nyuma au kitabu chako kitataja kiasi, na kwa pikipiki hizi mara nyingi ni milimita 20 hadi 30. Weka hivyo. Kisha ishushe chini, panda, mpandishe na mtu wa uzito wa abiria wako wa kawaida, au weka mzigo wako wa kawaida. Wa tatu ainame apime. Kama bado inacheza walau sentimita moja, funga nati ya ekseli kwa nguvu. Kama imekaza, legeza, hata kama itapiga kelele kidogo ukiwa peke yako. Cheni iliyolegea kidogo inasumbua masikio tu.

Umesogeza ekseli, kwa hiyo umegusa breki pia. Fimbo ya breki ya nyuma imevutwa, na pengine viatu vinagusa ngoma. Zungusha tairi usikilize, rekebisha nati ya fimbo, na uhakikishe nati ya mkono wa breki imefungwa.

Rudi kuitazama baada ya kilomita 300 hivi, kwani seti mpya hukaa vizuri ikishatembea. Oili ya gia ndiyo naitumia kwa cheni isiyo na mipira, naipaka jioni cheni ikiwa na joto, upande wa ndani wa mstari wa chini, ili mwendo uisukume nje. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini imejaa masizi na unga wa chuma, yaani msasa wa bure. Yenye mipira midogo kati ya bamba usiioshe kwa petroli. Mafuta ya taa na brashi laini vinatosha. Na kava, tafadhali. Yamaha AG100, zile za mabwana shamba na mashirika, zimefunikwa cheni pande zote kwa sababu ya vumbi na matope. Sisi tunaivua pikipiki kava ili ionekane ya mbio, halafu tunalaumu Wachina.

Kiungio na klipu vya akiba vikae chini ya siti, vimefungwa kwenye kipande cha mpira wa ndani pamoja na koleo dogo. Klipu ikiruka saa mbili usiku kati ya Mkata na Segera, duka la karibu limeshafungwa.