Kumsaidia mtoto mwenye TDAH bila vidonge: tunavyofanya nyumbani Kindu

Akina mama wenzangu wa Mikelenge na Kasuku huniuliza swali lilelile: "Ulimpa dawa gani?" Kijana wangu ana TDAH, yaani tatizo la kukosa makini na utulivu. Hatulii, hudakia maneno ya watu, na akitumwa husahau kabla hajavuka kizingiti. Vidonge hajawahi kumeza. Yaliyomsaidia yanawezekana katika nyumba yoyote ya hapa, ila yanadai watu wazima tubadilike kwanza.

Hakikisha ni TDAH

Mtoto asiyesikia vizuri, anayeshinda njaa, aliyewahi kupandwa na malaria kichwani, mwenye kifafa cha kuzubaa au aliyeona vita, naye huonekana hana makini. Mpeleke kwa daktari. Ataangalia kama dalili zimedumu miezi sita au zaidi, zilianza kabla ya miaka 12, na zinaonekana shuleni kama nyumbani. Huko peke yako: utafiti wa shule za Kinshasa uliochapishwa 2005, uliotegemea majibu ya walimu, ulizikuta kwa watoto wapatao 6 katika kila 100. Na atakayekuambia mwanao ni mchawi, mkumbushe kwamba sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

Punguza wanaomtuma

Mafunzo mengi ya malezi huzungumza na baba na mama tu. Nyumba zetu zina bibi, shangazi, wajomba na kaka wakubwa, na kila mmoja ana la kumtuma mtoto. Kwa mtoto wa namna hii, agizo la tatu hufuta la kwanza. Tuliketi sote tukakubaliana: anatumwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, mwingine asubiri amalize.

Kumtuma nako kuna utaratibu. Msogelee, mwite jina, akutazame, taja jambo moja, kisha arudie kwa kinywa chake. "Chukua bidoni, nenda kisimani." Habari ya ufagio ingoje arudi. Kupaza sauti kutoka jikoni ni kujichosha.

Lipa papo hapo

"Ukifaulu mwaka huu nitakununulia baiskeli" ni ahadi ya mbali mno kwake. Sisi tunatumia vifuniko vya soda: kazi ikikamilika, kifuniko kimoja kinaingia koponi, na mkubwa aliyekuwapo anataja alichokifanya vizuri. Jioni anavibadilisha kwa muda wa mpira, kuchagua kipande chake cha samaki, au hadithi ya bibi. Bibi mwenyewe alipinga mwanzoni: tangu lini mtoto akalipwa kwa kutumwa? Tulimjibu kwamba akizoea, kifuniko kimoja kitadai kazi mbili, halafu tatu. Ndivyo ilivyokuwa.

Akikosea, adhabu iwe ndogo, ya hapo hapo, na aijue mapema: anakaa kando dakika chache, basi. Fimbo humnyamazisha kwa hofu, haimfundishi kumaliza kazi.

Mwombe mwalimu machache

Tangu elimu ya msingi ya bure ianze mwaka 2019, madarasa yamefurika, na mwalimu hana nafasi ya kumshughulikia mtoto mmoja. Niliomba akae mbele, mbali na mlango, na awe wa kutumwa kufuta ubao ili apate sababu halali ya kuinuka. Kisha kikaratasi chenye mistari mitatu: amemaliza zoezi, amenyoosha mkono kabla ya kusema, daftari limerudi. Mwalimu anaweka alama tu. Nyumbani alama hizo zinageuka vifuniko.

Mwili, usingizi na mto

Acheze kwanza, kisha masomo kidogo kidogo kabla giza halijaingia. Alale saa ileile kila siku, ndani ya chandarua, simu ikiwa mbali. Sukari usiilaumu, tafiti hazikuona kwamba inaleta utukutu, ila asiende shule bila kula. Watoto hawa hutenda kabla ya kufikiri, kwa hiyo Lualaba asiikaribie bila mtu mzima, hata rafiki zake wakivuka kwenda Alunguli.

Usitarajie muujiza

Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 1999, wenye watoto 579, ulionyesha kwamba dawa zilipunguza dalili zaidi kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Hata hivyo, kwa walio chini ya miaka 6, madaktari wa watoto wa huko huko hushauri kuanza na mafunzo ya wazazi. Kama mtoto anajiumiza, au hapigi hatua kabisa, rudi kwa daktari.

Kwa wiki hii, chagua saa ya asubuhi peke yake, kuanzia kuamka hadi kwenda shule. Kubalianeni nani atakayemtuma saa hiyo, na wengine wote wanyamaze. Likishika hilo, ongezeni la jioni.