Kifaa Kinapochomolewa Ghafla

Waya wa USB wa mwaka 1996 una nyuzi nne: mbili za umeme, mbili za data. Ndani ya kifaa mna rezista ya kilo-omu 1.5 inayoinua volteji ya uzi mmoja wa data. Hiyo ndiyo dalili kwamba kifaa kimechomekwa. Kikichomolewa, nyuzi zote mbili za data hushuka karibu na volti 0, na kompyuta hutambua kuwa kimeondoka.

Ugumu huanzia hapo. Katika mfumo wa Linux, programu endeshi ya kifaa huarifiwa, lakini huenda mtumiaji (na wengi huchomoa bila kuaga) angali ameifungua faili yake. Programu endeshi ikiachilia kumbukumbu papo hapo, ombi linalofuata litagusa mahali palipokwisha kupewa kazi nyingine, na mfumo mzima waweza kuanguka. Yapasa kwanza ikatae maombi mapya, isimamishe yaliyo njiani, kisha ihesabu watumiaji waliosalia. Kumbukumbu iachiliwe anapoondoka wa mwisho.

Jibu nalo liwe moja kwa vifaa vyote: kosa namba 19, yaani kifaa hakipo. Programu endeshi moja ikijibu hivyo, na nyingine ikajibu kwamba data zimekwisha, programu inayosoma kipimajoto cha maabara itadhani jaribio limekamilika, kumbe waya umechomoka katikati.