Kidonge cha Manjano: Somo la Malaria kutoka Misitu ya Burma

Kuanzia Agosti hadi Desemba 1944, askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walisonga mbele katika bonde la Kabaw nchini Burma, wakiwarudisha nyuma Wajapani kuelekea mto Chindwin. Wengi wao walikuwa wa Keya (KAR), kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland.

Mvua za msimu zilifanya njia kuwa matope, hivyo chakula na risasi vilidondoshwa kwa ndege. Askari alilala katika handaki lenye maji, nguo zikimwozea mwilini. Ruba walimnyonya damu, utitiri wa nyasi walimwambukiza homa kali, na usiku mbu walimletea malaria. Jenerali William Slim, kamanda wa Jeshi la 14, aliandika kwamba mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyeondolewa vitani kwa jeraha, 120 waliondolewa kwa maradhi.

Dawa ilikuwapo. Kwa kuwa Japani ilikuwa imeiteka Java, kulikokuwa kukitoka sehemu kubwa ya kwinini ya dunia, majeshi yalitumia mepakrini, kidonge cha kila siku kilichogeuza ngozi kuwa ya manjano. Punde ukaenea uvumi kwamba kinaondoa nguvu za kiume. Wengi wakakitema.

Slim aliwabebesha makamanda dhamana hiyo. Vikosi vilipimwa kwa kushtukizwa. Pale ambapo dawa haikuonekana kwa angalau asilimia 95 ya askari, kamanda aliondolewa kazini. Aliondoa watatu tu; wengine wakaelewa. Jioni mikono ya mashati ilishushwa, na wagonjwa walitibiwa karibu na mstari wa mbele. Maradhi yakapungua sana.

Somo kwetu

Nyanda za kati zina malaria kidogo kuliko Kigoma, Geita au Mtwara. Unafuu huo una hatari yake: anayekulia Dodoma hujenga kinga ndogo, na akienda huko kwa kazi, masomo au kambini, ugonjwa unaweza kumlemea upesi.

Kwa mtoa huduma: mgonjwa wa homa aulizwe, "Umesafiri wapi wiki chache zilizopita?" Apimwe kabla ya kupewa dawa. Dozi ya kwanza aimeze mbele yako. Akitaja uvumi, usimcheke wala kumkaripia. Mwulize amesikia nini, kisha umjibu kwa ukweli. Mtu aliyeaibishwa hunyamaza, na kidonge hubaki mfukoni.

Kwa mgonjwa na familia: dawa mseto (ALu) ina dozi sita kwa siku tatu. Ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, zinazofuata asubuhi na jioni. Imeze pamoja na chakula au maziwa, na umalize zote hata homa ikitulia. Usimgawie jirani vidonge vilivyobaki. Usafiripo, beba chandarua chenye dawa.

Mwahishe hospitali mgonjwa mwenye degedege, anayechanganyikiwa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida au mwenye mkojo mweusi. Hizo ni dalili za malaria kali.

Dawa iliyomo ghalani haijamponya mtu. Burma, maradhi yalipungua pale ilipomezwa.