Kilichobadilika Katika Chupa Yangu
Tunapopima alkali kwa asidi, ninachokibadili mimi ni kimoja tu: kiasi cha asidi kinachotoka katika bureti. Ninachokitazama ni rangi ya waridi ya finofthalini, mpaka itoweke. Alkali haibadilishwi, daima ni sentimita 25 za ujazo.

Basi juzi, siku ya mtihani wa majaribio, wenzangu walitumia asidi 25.0, mimi 26.4! Nilikuwa karibu kuilaumu bureti. Kumbe chupa niliisuuza kwa alkali badala ya maji, na matone yaliyosalia yakaongeza alkali nisiyoipima. Yangalikuwa maji, yasingalidhuru: maji huifanya alkali kuwa nyepesi, lakini hayaiongezi wala kuipunguza. Bureti ndiyo husuuzwa kwa asidi yake.