Somo: Jengo la Zamani, Kazi Mpya

Katika vijiji vyetu vingi pana jengo la zamani lisilo na kazi tena. Labda ni ghala la mawe, zahanati iliyohamishwa, au nyumba ya walimu wa zamani. Watoto wanaogopa kuingia, popo hawaogopi. Halafu siku moja wanakikundi wanaulizana: "Mbona tukodishe chumba cha mkutano na lile lipo?"

Wazo ni zuri. Lakini kikundi kinaweza kumaliza akiba yote kwa rangi na milango mipya, kisha mvua ikaharibu kila kitu, au mwenye jengo akatokea na kuwafukuza. Katika somo hili tutaangalia namna ya kuepuka hasara hiyo.

Mfano wa Lamu

Ngome ya Lamu ilijengwa kati ya mwaka 1813 na 1821, kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kuanzia 1910 hadi 1984 ilikuwa jela. Baadaye ikawekwa mikononi mwa Makumbusho ya Taifa. Leo ina maonyesho na maktaba, na watu wa mji hutumia ua wake kwa mikutano na harusi. Mahali palipoogopwa pamekuwa pa shangwe! Tena ua huo ulikuwapo tangu zamani. Kazi mpya ilifuata umbo la jengo.

Hatua za kufuata

1. Karatasi kwanza. Ulizeni wazee na chifu jengo ni la nani: serikali, kanisa, ushirika au mtu binafsi? Maneno ya mdomo hayatoshi. Pateni mkataba ulioandikwa, unaoonyesha miaka mtakayokaa na nani atalipa matengenezo. Kama jengo limetangazwa kuwa la urithi, sheria ya mwaka 2006 hairuhusu kulibadilisha bila idhini. Waoneni watu wa Makumbusho, na wa kaunti pia kuhusu kibali cha ujenzi.

2. Chagueni kazi inayolingana na jengo. Ukumbi mkubwa unafaa mikutano na mafunzo. Vyumba vidogo vinafaa ofisi au cherehani. Msiweke mizigo mizito kwenye ghorofa yenye boriti kuukuu. Magunia 20 ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 1,800! Ghala liwe chini.

3. Maji kabla ya rangi. Adui mkubwa wa jengo ni maji. Zibeni paa, wekeni mifereji, na chimbeni mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi. Penye ufa, chora alama ya penseli pale unapoishia na uandike tarehe. Baada ya miezi michache mtaona kama unaendelea. Ukiendelea, iteni fundi anayejua misingi kabla watu hawajaanza kuingia.

4. Ukuta wa chokaa urekebishwe kwa chokaa. Hapa ndipo wengi hukosea. Ukuta wa zamani hunyonya unyevu kidogo na kuutoa tena. Plasta ya simiti ni ngumu na huufungia unyevu ndani. Baadaye plasta inavimba na kuanguka, nayo huweza kung'oka na uso wa jiwe. Hata ukuta wa udongo haushikani vizuri na simiti. Tafuteni fundi mzee anayeijua kazi ya chokaa, na vijana wajifunze kwake. Kumbukeni kwamba chokaa huchoma macho na ngozi, kwa hivyo vaeni glavu na miwani.

5. Jihadharini na paa la asbestosi. Vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Msilivunje, msilikate wala msilitoboe. Ulizeni NEMA ni nani wana leseni ya kuliondoa.

6. Pesa za kesho. Jengo lililokarabatiwa bado linahitaji kutunzwa. Tozeni ada ndogo kwa wanaokodisha ukumbi, na mwekahazina aweke sehemu yake kando kwa ajili ya paa na mifereji pekee. Kila mwaka, kabla ya mvua za masika, kikundi kizima kizunguke jengo na kulikagua.

Hesabu ikionyesha kwamba gharama inapita uwezo wenu, si aibu kuanza na chumba kimoja. Chumba kimoja kisichovuja ni bora kuliko ukumbi mzima uliopakwa rangi na kuvuja.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni jengo gani la zamani kijijini kwetu ambalo halitumiki? Mwenyewe ni nani, na tunajuaje?

2. Shida yetu kubwa ni ipi: mahali pa kukutania, pa kusomea, au pa kuhifadhi mazao? Jengo hilo linafaa ipi kati ya hizo?

3. Maji yanaingilia wapi? Nendeni mkatazame wakati mvua inanyesha.

4. Ni nani hapa kwetu bado anajua kazi ya chokaa au ya udongo, na nani atajifunza kwake?