Glavu ya Kuoshea Gari: Mafunzo Niliyopata Mjimwema

Kijana anayefungua sehemu ya kuoshea magari hapa Mjimwema huanza na pampu ya presha, tanki la maji na sabuni. Kitu kitakachogusa rangi ya gari la mtu hununuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki. Nimeosha magari Songea hadi mvi zimeota, na nikipata nafasi ya kumshauri anayeanza, naanzia hapo hapo mkononi. Haya nayaandika kwa ajili yako unayetaka magari mazuri ya mji huu yaje kwako, na yakishakuja yarudi.

1. Kinachokata ni mchanga

Kiangazi kimoja lilikuja gari jeusi kutoka vijijini Mbinga, vumbi jekundu limejaa hadi kwenye vitasa. Kijana akachovya kipande cha sponji ya godoro kwenye ndoo, akaanza kusugua boneti kabla gari halijamwagiwa maji. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikumzuia. Lilipokauka lilionekana safi kabisa. Mwenyewe alipolisogeza juani, boneti nzima ilikuwa na miduara ya mikwaruzo kama utando wa buibui.

Kilichonishangaza ni kwamba sponji ile ilikuwa laini. Baadaye nilielewa. Mchanga una chembe za kwazi, na kwa kipimo cha ugumu ambacho almasi iko kwenye 10, kwazi iko kwenye 7. Rangi ya gari haifikii hapo hata kwa mbali. Ile klia inayong'aa juu ya rangi, ukigawanya milimita moja mara 1,000, unene wake ni sehemu 40 hadi 50 tu. Unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hiyo. Sponji ina uso bapa, kwa hiyo chembe ikinaswa haina pa kujificha. Inabaki katikati ya sponji na rangi, na kila unaposogeza mkono unaikokota. Glavu yenye nyuzi ndefu huiacha chembe izame ndani, mbali na rangi.

Kwa hiyo mwaga maji kwanza, mengi, kuanzia juu ya paa kushuka chini, vumbi liondoke lenyewe kabla hujaweka mkono. Kisha sogeza glavu kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Uzito wa mkono wako peke yake unatosha.

2. Glavu ijaribu kwenye CD

Fundi mmoja wa rangi alinionyesha jambo ambalo sijaliacha tangu siku ile. Alichukua CD ya zamani ya filamu, akailowesha, akasugua upande wake unaong'aa kwa dodoki. Tuliishika kwenye mwanga: mistari tele. Akachukua CD nyingine akasugua kwa glavu ya maikrofaiba iliyolowa. Haikuwa na kitu. Plastiki ya CD hukwaruzika upesi, kwa hiyo kitakachoiacha salama nakiamini zaidi kwenye gari.

Dukani usidanganywe na rangi ya glavu. Ikunjue. Nyuzi zisimame nene, na ukizitenganisha kwa vidole usione kwa urahisi kitambaa cha chini. Pitisha kidole kwenye mshono, hasa pale unapozunguka kidole gumba. Uzi mgumu wa nailoni uliojitokeza hapo unakwaruza vizuri tu. Lebo ikate siku hiyo hiyo. Glavu ya sufu ya kondoo ni laini kuliko zote, ila inadai malezi, na ukiifua kwa maji ya moto inasinyaa. Kwa kazi ya kila siku napendelea maikrofaiba yenye vijidole vinene, maana inafulika kirahisi na inavumilia.

Mfuko ukiwa mtupu, pita kwenye mitumba. Taulo nene ya pamba, iliyokatwa pindo zote ngumu, ni bora mara nyingi kuliko dodoki au sponji ya godoro.

3. Soma kibati cha gari

Mteja mwenye Toyota nyeupe aliwahi kuja juu akidai tumemchubulia gari. Kitambaa tulichopigia polishi kilikuwa cheupe pee. Naye alikuwa na haki ya kuogopa, kwa sababu hakuna aliyemweleza kitu.

Toyota nyingi tunazoletewa kutoka Japani zina kibati kilichoandikwa C/TR, na mbele yake kuna namba ya rangi. Nyeupe ya namba 040 kwa kawaida haina klia juu yake, kwa hiyo unaposugua unagusa rangi yenyewe, nayo inatoka kwenye kitambaa. Nyeusi ya namba 202 inajulikana kwa ulaini wake; hata kufuta vumbi kwa kitambaa kikavu kunaiachia alama. Sasa namba nazisoma kabla ya kufungua maji, na mwenye gari namweleza papo hapo.

4. Ndoo mbili, glavu mbili

Ndoo moja ina shampuu ya gari, nyingine maji matupu. Kila ukimaliza kipande, suuza glavu kwenye maji matupu kwanza, ndipo uirudishe kwenye shampuu. Jioni mwaga ile ndoo ya maji matupu polepole utazame matope mekundu yaliyotulia chini. Mafunzo ya mdomo hayajawahi kumfikia kijana wangu yeyote kama matope yale.

Glavu ya matairi iwe ya rangi tofauti na isipande juu hata siku moja. Rimu hushika vumbi la breki, ambalo lina chembe za chuma, na malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka yanapopita mjini huongeza vumbi lake jeusi.

5. Usiku, glavu isilale ndani ya ndoo

Juni na Julai Songea ni baridi, na kilicholowa hakikauki upesi. Glavu ikilala kwenye maji machafu, asubuhi inanuka uvundo na nyuzi zimeshikana na mchanga ndani. Igeuze nje ndani, isuuze chini ya bomba huku ukitenganisha nyuzi kwa vidole, hadi maji yanayotoka yawe meupe. Ifue kwa sabuni kidogo ya maji. Jiki inaila. Kilainishi cha nguo kinazifunika nyuzi, nazo zinaacha kushika uchafu. Usiichanganye na nguo za pamba, kwa sababu inaokota nyuzinyuzi zake zote. Ining'inize kivulini penye upepo, mbali na vumbi la barabara. Usiitandaze kwenye majani wala ukutani.

6. Ikidondoka

Ikigusa chini, hata kwa sekunde moja, kazi yake kwa gari hilo imekwisha. Chukua nyingine. Weka glavu za ziada, na mteja akiwa na haraka mwambie ukweli kwa nini unabadilisha. Wengi wanafurahi kuona gari lao linaheshimiwa.

Nyuzi zikianza kulala na kugandamana hata baada ya kufuliwa, glavu ya bodi ishuke ikawe ya matairi, na ile ya matairi ikafutie injini.